Alamu ya Saa Tisa Usiku

Alamu ya gari langu ilikuwa na tabia ya kulia saa tisa usiku, wakati ambao hata mbwa wa Raskazone hapa Tanga wamechoka kubweka. Majirani walitoka na mapanga, mlinzi akatoka na filimbi, na kila mara tulikuta gari limetulia pale lilipoegeshwa, vioo vizima, mwizi hayupo. Mlinzi alitoa hukumu kwamba limeingiwa na jini, tena jini la baharini.

Fundi umeme hakuamini majini. Alisema tatizo ni sensa ya mtikisiko, inayohisi gari likigongwa, akaipunguza ukali mpaka nadhani mtu angeweza kucheza mdundiko juu ya boneti bila alamu kushtuka. Usiku ule ikalia. Akabadilisha betri ya rimoti, kisha king'ora chenyewe, nami nikalipa vyote. Mchana pale gereji gari lilikuwa kimya kama mgeni rasmi anayesubiri kukaribishwa.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, mstaafu wa reli, mtu aliyeishi kwa kutazama ishara. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole ule unaouma, "Mwanangu, hivi gari lako linataka nini?" Kabla sijajibu alikwishaona kitaa chekundu kwenye dashibodi. "Kinapepesa mara mbili, kinapumzika, kinapepesa mara mbili tena. Hiyo ni taarifa."

Nilikitafuta kijitabu cha alamu, ambacho fundi alikuwa amekiwekea kikombe cha chai. Kumbe kisanduku kinachosikiliza sensa zote hukumbuka ni ipi iliyokiamsha, na katika alamu ya aina yangu kupepesa mara mbili ni boneti. Pale chini kuna swichi yenye pini: boneti ikifungwa pini hubanwa na mkondo hukatika, ikifunguliwa huinuka na kuuunganisha waya na bodi ya gari. Yangu ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, na umande ulipoiloanisha, umeme ukapata njia ya kufika kwenye bodi, kisanduku kikaamini boneti imefunguliwa, kikatuamsha sote. Jua likichomoza swichi inakauka na ushahidi unapotea.

Swichi mpya ilikuwa ya bei rahisi kiasi cha kumuudhi fundi.

Siku hizi mzee husikiliza magari ya mtaa mzima yakifungwa. Juzi la jirani lililia mara tatu badala ya mara moja, naye akamwita kabla hajaingia ndani: "Rudi, kuna mlango haujashika." Ulikuwa wa nyuma, kushoto.