Kutu ya Kamukunji

Nikisema nachora gemu, watu huniona nikichora majoka na panga zinazowaka moto. Ukweli ni kwamba gemu zile za mamilioni ya dola hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, na katika jeshi lote hilo mimi ni yule wa mapipa. Mapipa, makreti, matofali. Kuna pipa nililitengeneza siku nne nzima. Mchezaji hulilipua hata hajaliangalia.

Julai nikapandishwa cheo: ukuta wa mabati wenye kutu. Studio moja ya Marekani ilitaka kutu halisi, na kutu halisi najua inakokaa. Nikabeba kamera hadi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Kazi hii hutaka siku ya mawingu, maana jua likiwaka vivuli hunaswa kwenye picha na kuving'oa baadaye ni kilio. Mawingu ya Julai Nairobi hayauzwi.

Unapiga ukuta picha kama 200, hatua kwa hatua, kila picha ikimwingilia jirani yake zaidi ya nusu, halafu programu inazishona ziwe ukuta mmoja ndani ya kompyuta. Ili nisipoteze vipimo, nilibandika alama kila baada ya mita moja. Mkanda niliokuwa nao ulikuwa mwekundu. Na alama rahisi kubandika ni X.

Mkaaji wa Nairobi haelezwi maana ya X nyekundu ukutani. Mimi nimezaliwa Pumwani, hapo karibu tu, na bado haikunijia.

Nilikuwa picha ya 90 na kitu nilipoanza kuisikia kamera yangu. Kach. Kach. Kamukunji! Pale ambapo nyundo hukufanya usisikie hata simu ikilia mfukoni. Nikageuka. Mafundi kama ishirini, kila mmoja na nyundo yake mkononi, imetulia.

"Boss," akasema mzee mmoja mwenye aproni ya ngozi, kwa upole ulionitisha, "tunabomolewa lini?"

"Mzee, mimi si kanjo, si askari wa kaunti."

"Kwani nani ametaja kanjo?"

"Napiga picha ya kutu tu."

"Kutu." Akaangalia wenzake. "Ya nini?"

Sasa, nilikuwa nimetia sahihi mkataba wa siri. Nisitaje gemu, nisitaje studio, nisitaje chochote. Nikajibu, "Siruhusiwi kusema." Afadhali ningekohoa.

Mama wa chai akanyakua kadi yangu ya rangi 24, ile ya kusawazishia picha, akaiinua juu. "Si mnaona? Hata rangi za magorofa yao washachagua!"

Nikatoa simu mbio nikawaonyesha lile pipa. Gemu yake ilishatoka, halina siri. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mzee akalivuta karibu kwa vidole viwili, akalikagua chini, akalikagua juu.

"Huu mshono umekaa vibaya. Hili linavuja."

"Ni la kompyuta, mzee."

"Lilikuchukua muda gani?"

"Siku nne."

Walicheka mpaka nyundo zikawekwa chini. "Mimi hutoa matatu kwa siku," akasema, akinirudishia simu. "Na yanashika maji."

Nikanunulia watu chai, nikabandua X zangu, nikamaliza picha nikiwa na wasaidizi sita ambao sikuwaomba. X moja niliisahau. Nilishajipanga kuomba msamaha, lakini Los Angeles iko nyuma yetu saa 10, kwa hiyo jibu lilinikuta kitandani: kutu ni safi, na ile X nyekundu wameipenda mno. Wanaomba kuta tano zaidi, kutoka hapo hapo, zote ziwe nayo.

Nimerudi kuongea na mzee. Amekubali, ila X atabandika yeye mwenyewe, na kila moja ni bei ya pipa. Lisilovuja.