Jina la Mwanafunzi Katika Daftari la Mahudhurio

Mwalimu aliyekulia Buganda akikuta jina Ocen daftarini, huenda akalisoma "Oseni" au "Okeni", ilhali kwa Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda herufi c hutamkwa ch, na jina hilo hupewa pacha wa kiume aliyezaliwa wa pili, baada ya Opio. Vivyo hivyo, mwalimu wa Gulu, huko kwa Waacholi, asiyejua kwamba ky ya Kiganda hutamkwa ch atamwita Kyeyune kwa namna isiyojulikana nyumbani kwao. Chanzo hapa ni tahajia, wala si dharau, kwa kuwa kila lugha iliandikwa kwa kanuni zake, na Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya 2005, inaorodhesha jamii za asili 65.

Wanaowatetea walimu wanaoyakosea majina ya wanafunzi wana hoja nzito. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze 1997, madarasa ya shule za umma yamefurika, na huko Nakivale, makazi ya wakimbizi, mwalimu mmoja anaweza kufundisha Wakongomani, Warundi na Wasomali kwa pamoja. Kumtaka azimudu toni na sauti za lugha zote hizo ni kumwonea, nami sioni ubaya wa lafudhi yake kusikika anapojitahidi.

Ninachokipinga ni mwalimu kuliacha jina kwa sababu ni gumu, akamwita mtoto kwa jina la ubatizo tu au akambandika jina jingine, kisha darasa zima likacheka na kufuata. Hata hivyo, wapo wazazi wanaopendelea jina la dini litumike shuleni, kwa kuwa jina la asili hutangaza kabila mara moja, na mtoto aliye peke yake miongoni mwa wengine anaweza kutengwa. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Ndiyo maana naona mtoto aulizwe kando, kwa upole, anaitwaje na angependa aitweje, badala ya kusimamishwa mbele ya wenzake alirudie jina lake mara tatu.

Zaidi ya hayo, jina likiandikwa jinsi mwalimu alivyolisikia, likafika Baraza la Taifa la Mitihani likiwa tofauti na la cheti cha kuzaliwa, mwenye jina ndiye atakayehangaikia hati za kiapo baadaye. Kwa hiyo tahajia ihakikiwe na mzazi siku ya uandikishaji, mapema kabla ya fomu za mtihani wa darasa la saba kujazwa.