Doom II: gemu mpya au ileile iliyoongezewa chumvi?

Lawama wanayoirudia wakosoaji wa Doom II, gemu ya kompyuta ya kupiga mashetani kwa bunduki, ni kwamba si gemu mpya, ni Doom ya kwanza iliyopakuliwa upya kwenye sahani nyingine. Wana hoja. Ya kwanza ilitoka Desemba 1993, na kufikia Oktoba 1994 id Software, kampuni iliyozitengeneza, walikuwa wameshaiweka ya pili madukani. Miezi kumi tu. Injini, yaani programu inayoiendesha gemu, ni ileile aliyoiandika John Carmack, milango inafunguka kwa mlio uleule, na silaha mpya ni moja.

Hata safari yenyewe imepwaya. Kwenye ya kwanza, ukimaliza levo ulioneshwa ramani: umetoka hapa, unakwenda pale. Doom II ina levo 30 zilizopangwa mstari mmoja, na mbili za siri pembeni, bila ramani yoyote. Hadithi unasomewa kwa kurasa chache za maandishi. Tunaambiwa jehanamu imehamia duniani, lakini ukiingia levo inayoitwa Downtown unakuta maboksi ya kahawia yamesimama uwanjani. Sandy Petersen, aliyebuni sehemu kubwa ya levo hizi, namwonea huruma kidogo. Injini ile haikuweza kuweka chumba juu ya chumba. Sasa ghorofa utalijengaje?

Haya yote nayakubali. Ila ichukue hiyo silaha moja, shotigani ya mitutu miwili. Inakula risasi mbili kwa mkupuo na kumwaga marisaa 20 yanayotawanyika. Kwa mbali unapoteza risasi. Kwa karibu haibaki kitu. Baada ya mlio, bunduki inakunjuliwa, risasi mbili zinaingizwa, inafungwa. Ni kama sekunde moja na nusu, na muda wote huo ni kama huna silaha. Basi unazoea: fyatua, jibanze nyuma ya nguzo, sikiliza inavyofungwa, toka tena. Bunduki moja imekubadilisha hadi mwendo.

Maadui ndio wanaonishawishi zaidi. (Simhesabu Hell Knight, ambaye ni Baron, adui wa gemu ya kwanza, aliyebadilishwa rangi na kupunguziwa uhai.) Revenant ana makombora ambayo mengine yanakufuata unakokimbilia. Pain Elemental anatapika mafuvu yanayoruka. Mchelewe, atakujazia chumba. Kisha kuna Arch-vile. Awali aliyekufa alikuwa amekufa, labda ucheze Nightmare, kiwango kigumu kuliko vyote, ambako waliokufa hufufuka. Huyu anapita juu ya mizoga na kuinyanyua mmoja mmoja. Akikuona, moto unakuwakia mwilini lakini bado hujaumia; una nafasi ndogo ya kukimbilia nyuma ya ukuta kabla hajakurusha hewani. Ghafla unaanza kuangalia kuta, uko umbali gani nazo.

Ndiyo maana wanaojitengenezea levo zao, kazi ambayo haijakoma mpaka leo, wengi wao hujenga juu ya Doom II. Seti ya kete, yaani silaha na maadui, imetimia. Mkosoaji atasema hiyo ni sifa ya kete, si ya waliozipanga mwaka 1994, na hapo simbishii sana: levo kadhaa za mashabiki zinazipita kwa mbali zile za asili.

Bosi wa mwisho, adui mkuu wa kufungia gemu, ndiye ushahidi mzuri kuliko wote wa mkosoaji huyo. Ni uso wa pembe uliochorwa ukutani, hausogei, na kazi yako ni kupanda na lifti na kuingiza makombora kwenye tundu la paji lake. Ndani wamekificha kichwa cha John Romero, mmoja wa waundaji wa gemu, utani wa ofisini. Silaha yake pekee ni kutema vijiwe vinavyoangua maadui, walewale niliowasifu. Na mara chache sana kijiwe kinatua nyuma yako, kinafunguka, anatoka Arch-vile.