Sabaki Haina Kiu ya Watu

Mtu akifa maji pale Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya mji wa Malindi, hukumu hutolewa kabla maiti haijaonekana: bahari imechukua chake. Huyu atasema ni jini wa mlango wa mto, yule atasema ni mzimu uliokosa sadaka. Ubani unafukizwa, maji ya waridi yanamwagwa, na kesho yake watoto wanaoga palepale, saa ileile. Ninalolipinga ni hilo la mwisho.

Kwamba majini wapo, Muislamu wa pwani hahitaji kubishana nalo. Lakini hatari ya mlango ule ina saa zake, na saa hizo zinahesabika. Tukishamtupia jini kila kitu, hakuna anayezihesabu.

Tuanze na mto wenyewe. Huko bara unaitwa Athi, ukishapokea maji ya Tsavo unakuwa Galana, na kwetu ndio Sabaki. Mvua ikinyesha nyanda za juu upande wa Nairobi au Ukambani, maji yake hutufikia baada ya siku kadhaa, na pengine siku hiyo Malindi jua linawaka, hakuna hata wingu. Anayetazama mbingu hudhani mto umelala. Atazame maji: yakizidi wekundu na kuanza kuleta vijiti, majani na magogo, mto umejaa, na kuvuka kwa miguu hakufai tena hata kama jana palivukika.

Mlangoni penyewe mafungu ya mchanga huhama. Njia uliyoivuka mwaka jana kwa maji ya magoti, mwaka huu huenda ndiyo mkondo mkuu. Na ukingo wa fungu haushuki polepole: hatua moja maji ya kiuno, hatua ya pili chini hukuti. Chini nako kuna mchanga uliochanganyika na tope. Mguu ukizama, tope linaushika, na kadiri unavyouvuta kwa nguvu wima ndivyo linavyozidi kubana. Sishangai kwamba walionusurika husimulia habari za mkono uliowakamata kifundo, maana ndivyo unavyosikia mwilini. Dawa yake ni kulala chali juu ya maji, mikono umeipanua, kisha kuutikisa mguu polepole huku na huku hadi maji yapenye pembeni mwake.

Sasa zile saa. Maji huchukua kama saa sita kujaa na saa sita kupwa, lakini mwendo wake si mmoja. Ukiugawa mpando wote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili, ya mwisho moja. Siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanaweza kupanda mita 3. Basi saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, kama shubiri moja, lakini saa ya tatu na ya nne kwa pamoja ni mita moja na nusu. Na huku kwetu, siku za bamvua, maji makavu, yaani yakishapwa kabisa, huangukia kwenye saa nne asubuhi. Aliyevuka saa hiyo kwenda funguni, maji yakiwa magotini, akakaa kutafuta chambo, saa tano anayaona yameongezeka kidogo tu na anatulia. Saa nane mchana kilichokuwa magotini kimempita kichwa.

Siku hizohizo maji hujaa kama saa kumi jioni, kisha huanza kupwa. Saa ya tatu na ya nne ya kupwa ni saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Hapo mto unatoka, na bahari nayo inatoka, vyote kuelekea kilindini, na mwanga umekwisha.

Linganisha na walivyokataza wazee: usioge baharini jua la utosini, usioge magharibi. Kwenye bamvua, adhuhuri ndipo maji yanapoanza kujaa kwa kasi, na magharibi ndipo yanapotoka kwa kasi. Makatazo yale ni ratiba ya maji. Tumelibakiza jina la jini, tukaiacha ratiba, na sasa kijana asiyeogopa majini anaona hana sababu ya kuogopa magharibi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Hilo halihitaji simu wala mtaalamu.

Ufuo wa mji nao una lake. Mwamba unaokinga ufuo wa Silversands, kusini ya mji, haufiki mbele ya ghuba, kwa kuwa matumbawe hayastawi penye tope na maji matamu ya mto. Kwa hiyo wakati wa upepo wa Kusi mawimbi huingia moja kwa moja, yakarundika maji ufuoni, na maji hayo hutafuta njia ya kurudi. Njia hiyo ni ukanda uliotulia katikati ya povu la pande mbili, na mgeni huuchagua kuogea kwa sababu ya ule utulivu wake. Ukibebwa, usishindane nao. Elea, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka ufike penye mawimbi yanayovunjika, ndipo urudi.

Si sisi peke yetu. Huko Georgia, Marekani, ziwa Lanier, lililotokana na bwawa la Buford lililokamilika 1956, linaitwa ziwa la laana. Husimuliwa kwamba chini yake kipo kijiji cha Oscarville, na kwamba Weusi waliofukuzwa pale 1912 ndio wanaolipiza. Dhuluma ile ni ya kweli, na vifo ni vya kweli, zaidi ya 200 tangu 1994. Lakini ziwa hilo hupokea wageni zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, chini limejaa visiki, maji yake ni kiza, na wapo wanaoendesha boti wamelewa bila jaketi la kuokolea.

Methali yetu nayo inatuponza. Mfa maji haishi kutapatapa, tunasema, basi tunangoja kuona mtu anatapatapa. Anayezama kweli mara nyingi huwa kimya. Mwili umesimama wima, kichwa kimeinamishwa nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inayakandamiza maji pembeni. Hawezi kupunga wala kuita, kwa sababu pumzi yote inatafuta hewa. Huenda akawa na chini ya dakika moja. Ukimwita asikujibu, usingoje.

Usimrukie pia, maana atakukumbatia mzame wawili. Mpe pondo, mtupie kikoi, au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko na kamba. Hata wa lita 5 humtosha mtu kuinua kichwa. Ukishamtoa, usimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo, kwani matapishi yataingia mapafuni. Alichokosa ni hewa. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na uendelee. Akizinduka apelekwe hospitali vilevile, kwa sababu mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Maiti ikirudi siku ya tatu, husemwa sadaka imepokelewa. Katika maji ya joto kama yetu, gesi ya kuoza huuelesha mwili baada ya siku mbili tatu, sadaka itolewe isitolewe. Gharama ya ubani huo ingenunua mtungi na kamba ya mita 20, vikafungwa kwenye mti karibu na mlango wa Sabaki. Kando yake kiwekwe kibao: tarehe za mwandamo na mpevu, saa za maji makavu na maji kujaa siku hizo, na njia ya kuvukia ya mwaka huu. Kiandikwe upya kila mafungu yakihama.