Gesi ya chini ya bahari yetu: je, heli itasema ilikotoka?

Kisima cha Mbawa-1 kilichimbwa mwaka 2012 katika bahari ya Lamu, kikakuta gesi, kisha kikaachwa kwa sababu haikutosha kibiashara. Mpaka leo barazani Mombasa utasikia watu wakiuliza mbona gesi yetu haitufikii jikoni. (Gesi ya mitungi tunayopikia ni propani na butani, na huletwa na meli. Ile ya Mbawa ni gesi asilia, na gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Tusizichanganye.) Swali lenye faida zaidi kwa kisima kijacho ni hili: gesi ile ilipikwa wapi, na ilipita njia gani hadi ikanaswa pale?

Njia ya kawaida ya kulijibu ni kupima kaboni iliyo ndani ya methani. Methani inayotengenezwa na vijidudu huwa na upungufu mkubwa wa kaboni-13 (aina nzito ya kaboni), kuliko ile iliyopikwa na joto la kilindini. Lakini gesi za asili mbili zikichanganyika, au bakteria wakila sehemu ya methani, alama hiyo huvurugika. Ndiyo maana wapo wanaosisitiza zipimwe pia gesi adimu: heli, neoni, argoni, kriptoni na zenoni. Hizi hazishikamani na kitu. Bakteria hawazili, joto haliziunguzi.

Tuangalie heli, yenye aina mbili: heli-4 na heli-3, iliyo nyepesi zaidi. Heli-4 huzaliwa urani na thori, metali zenye mnururisho, zinapovunjika ndani ya miamba, kwa hiyo gesi iliyokaa chini miaka mingi huikusanya kwa wingi. Heli-3 nyingi imebaki kilindini tangu dunia ilipoumbwa. Uwiano wa heli-3 kwa heli-4 katika gesi ya ganda la dunia ni kama sehemu mbili kwa mia za uwiano wa hewani, ilhali kwenye volkano za chini ya bahari hufika takriban mara nane ya ule wa hewani. Neoni-20 na argoni-36, kwa upande wao, huingia ardhini pamoja na maji ya mvua. Wingi wake hudokeza ni maji kiasi gani gesi ilikutana nayo safarini.

Ushahidi kwamba njia hii inafaa upo. Mwaka 2014 watafiti nchini Marekani walipima visima vya maji ya kunywa juu ya miamba yenye gesi iitwayo Marcellus na Barnett. Gesi adimu ziliwaonyesha kwamba palipokuwa na uvujaji, kosa lilikuwa kwenye saruji na mabomba ya visima vya gesi, si kwenye kule kupasua miamba kwenyewe. Kaboni peke yake isingefikisha mjadala ule hapo.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni hii: heli si mzazi wa methani, ni abiria aliyedandia njiani. Gesi iliyopikwa kwenye matope ya kale inaweza kubeba heli ya kilindini kwa sababu tu ufa mmoja ulipita karibu. Anayesoma heli bila kaboni atampa mtoto baba asiye wake. Tena sampuli zina usumbufu wake. Heli hupenya kioo, kwa hiyo hutumika mirija ya shaba iliyobanwa ncha zote mbili. Na kwa kuwa karibu asilimia 1 ya hewa ni argoni, hewa kidogo ikiingia vipimo vya argoni vinaharibika. Na hata ukipima vizuri, hakuna gesi adimu itakayokuambia hifadhi ina ujazo gani, na ujazo ndio uliomwangusha Mbawa.

Hoja hiyo ya mwisho naikubali, ila haitoshi kunifanya niache kupima. Kuchimba kwenye maji ya kina ni mamilioni ya dola. Mirija michache ya shaba haiongezi hata alama kwenye bili hiyo. Na faida inaweza kutokea usikoitazamia: kule Rukwa, Tanzania, vipimo vya namna hii vilionyesha mwaka 2016 kwamba heli yenyewe ndiyo mali, ikitoka na naitrojeni kwenye chemchemi za moto. Sidai kwamba bahari ya Lamu ina heli ya kuuza. Ninachotaka ni masharti ya leseni yaseme wazi kwamba kila kisima kitakachokuta gesi kitachukuliwa sampuli za gesi adimu pamoja na za kaboni, na nakala ya matokeo ibaki nchini, mahali ambapo mwanafunzi wa jiolojia wa Tudor au Mkomani anaweza kuisoma bila kumwomba mwenye leseni.