Kishikwambi kipya au betri mpya?

Mwalimu mwenzangu hapa Tabora ana vishikwambi viwili. Kimoja ni cha serikali, miongoni mwa vile vilivyofanya kazi ya sensa Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Hicho si chake kukiuza wala kukibadilisha, kwa hiyo tukiache. Cha pili ni chake mwenyewe, Samsung Galaxy Tab A8 aliyonunua mwaka huohuo, na ndicho kinachomkosesha raha. Kinaganda. Chaji haifiki jioni. Duka moja la mjini limemwambia akilete, aongeze hela, aondoke na Tab A9+. Akaniuliza: niongeze au nitulie?

Nianze na upande wa kuongeza, kwa sababu sisi wabana matumizi huwa tunaupuuza. Tab A8 ilitoka na toleo la 11 la Android, mfumo unaokiendesha, ikapanda ngazi mpaka 14, na hapo safari yake imeishia. Kifaa kisichopata masasisho hakizimiki siku hiyo. Kinaanza kukataliwa kidogo kidogo, leo programu hii, kesho ile, na matundu ya usalama yanayogunduliwa yanabaki hivyohivyo bila kuzibwa. Kama kazi yako ni kusoma PDF tu, hilo halikuhusu sana. Huyu mwenzangu anaingia benki kwa kifaa hichohicho, na hapo siwezi kumcheka. Ila pia si jambo la kukimbiliwa kama moto: WhatsApp, kwa mfano, tangu Januari 2025 inazikataa Android zilizo chini ya toleo la 5. Kutoka 14 kwenda 5 ni mbali.

Hoja ya pili ni RAM, kumbukumbu ambayo kifaa hufanyia kazi za papo hapo. A8 yake ina GB 3. A9+, iliyotoka 2023, ipo ya GB 4 na ya GB 8. Kutoka 3 kwenda 8 utaisikia siku ya kwanza. Nikamwambia arudi akaulize, na kumbe waliyomwekea kando ni ya GB 4. Yaani anaongeza hela nyingi ili apate GB moja.

Kioo sitakichelewesha. Inchi 10.5 zinakuwa 11, na picha inajichora mara 90 kwa sekunde badala ya 60. Kwa mcheza gemu ni jambo. Karatasi ya mtihani wa Jiografia haikimbii.

Sasa betri, maana ndiyo kilio chake kikubwa. A8 ina betri ya mAh 7,040, hicho kikiwa kipimo cha chaji inayobebwa na betri. A9+ nayo ina mAh 7,040. Hata Tab A7 ya 2020 ilikuwa na hizohizo 7,040, na zote tatu zinapokea chaji ya wati 15. Kipya kitakaa na chaji zaidi, ndiyo, lakini ni kwa sababu betri yake haijachoka. Huo upya unauzwa pia kwa fundi, tena bila kubadilisha kifaa kizima.

Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya walimu, tukafungua mipangilio. Hifadhi ni GB 32 na ilibaki GB 1 na kidogo. WhatsApp peke yake ilikuwa imekalia GB 13: video za send-off, video za harusi, na vikao vya kamati ambavyo harusi yake ilishapita, mtoto ameshazaliwa. Tukafuta, tukazima, tukawasha. Faili la ramani ambalo lilikuwa likifunguka kwa muda wa kusalimiana na mtu na kumuulizia watoto wote, likafunguka kabla hajamaliza kusema "ngoja uone". Akanyamaza kidogo. Nami nikaomba nione chaja: adapta ya simu ndogo ya zamani na waya uliofungwa selotepu. Usiku kucha kwa waya ule, kifaa hakijai. Tena mchana hukilaza kwenye dirisha linalopigwa jua, na jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Joto ndilo linalozeesha betri ya lithiamu kuliko kitu kingine.

Lakini fundi naye si malaika. Niliwahi kusimama nikimwangalia mmoja akifungua tableti: anapasha moto kingo za kioo, anapenyeza kipande cha plastiki chembamba kama kadi ya benki, anakisogeza taratibu huku kaziba pumzi. Mkono ukiteleza, kioo kinakwenda na hesabu yote inageuka. Na betri ya kopi inaweza kuvimba ndani ya miezi michache mpaka kioo kiinuke kona. Ukienda kwa fundi, chagua anayekuonesha betri kabla ya kuifunga na anayekupa muda wa kuirudisha. Nje ya hapo, mtu anayenunua kipya simlaumu.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi tunaipenda, kununua kilichotumika. Hapo tahadhari ni mbili. Kama kina sehemu ya laini, bonyeza *#06#, chukua IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, itume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone kama ni halali. Na hakikisha akaunti ya Google ya mwenye nacho wa kwanza imeondolewa, la sivyo umenunua kibao cha kukatia nyanya. Vingi vinavyotoka nje ni vya Wi-Fi tu. Kwa mtu asiye na Wi-Fi nyumbani, maana yake simu itagawa bando kutwa, na utakuwa unaua betri mbili kwa mpigo.

Ushauri wangu kwake: hiyo ya GB 4 aiache. Anunue chaja ya wati 15 na waya mzima, atumie wiki mbili. Chaji ikiendelea kukimbia, aende kwa fundi. Fundi akisema ubovu uko kwenye bodi, au benki ikikataa kufunguka, basi atafute ya GB 8 yenye laini, na kabla ya kutoa hela aulize itapata masasisho mpaka mwaka gani. Samsung wenyewe waliahidi miaka saba kwa Tab S10 ya 2024, ila bei ya ile si ya kuizungumzia mbele ya mwalimu.

Chaja ameshanunua. Jana asubuhi kifaa kilifika shule na asilimia 100, akanionesha kabla hata ya salamu. Saa kumi jioni kilikuwa na 31. Bado ana siku kumi na mbili za kupima, na kule dukani wameshampigia mara mbili.