Taa ya Jirani Inameza Nebula
Hivi, ndugu zangu, taa ya ukutani inamlinda nani hasa? Hapa Dodoma kiangazi hutupatia anga kavu isiyo na wingu, na usiku wa Agosti nebula M27, gesi iliyotemwa na nyota inayokufa, ambayo mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier aliiona mwaka 1764, hupanda juu upande wa kaskazini. Nafunga kamera kwenye darubini, nafuta vumbi jekundu kwenye lenzi, naanza kupiga picha ya dakika tatu. Dakika ya pili paka anapita ukutani na taa ya jirani inawaka yenyewe! Picha yote inakuwa nyeupe kama uji. Mwanga uliosafiri zaidi ya miaka 1,000 unamezwa na balbu inayolinda ndoo mbili na kamba ya nguo! Jirani, kwa nini isiinamishwe imulike chini?